Feni ya Pikipiki ya Daktari

Tik.

Mlio mmoja, mdogo, kama ukucha uliogonga kioo mara moja ukaacha. Mukami alifumbua macho gizani akangoja wa pili. Haukuja. Badala yake ulianza mvumo, laini kwanza, kisha wa nguvu, kisha wa kudumu, kutoka sebuleni, mahali ambapo pikipiki ya mumewe ililala kila usiku kati ya kochi na meza ya televisheni.

Mvumo huo aliujua. Kila jioni Gitobu alipotoka kukusanya maziwa na kupanda kilima cha kutoka mtoni, feni ya pikipiki ilijiwasha kupoza injini, ikazunguka dakika moja au mbili hata baada ya ufunguo kutolewa, ikanyamaza. Lakini Gitobu alikuwa amerudi saa kumi na mbili. Sasa ilikuwa saa tisa usiku, na mvua ya Aprili ilikuwa ikinyeshea Nkubu tangu jua lizame.

Mtoto, aliyekuwa akilialia kwa saa nzima, alinyamaza.

Mukami alimtikisa mumewe. Gitobu alisema kwa sauti ya usingizi kwamba huenda injini bado ina joto, akageukia ukuta. Basi Mukami akaenda mwenyewe na tochi ya simu. Aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake ukutani. Na nyuma ya rejeta, lile sanduku la maji ya kupoza injini, feni ilizunguka, ilizunguka, ikimpulizia miguuni hewa baridi yenye harufu aliyoifahamu kabla hajakubali kwamba anaifahamu: harufu ya mafuta ya kukamulia.

Nyumba hiyo haikuwa na ng'ombe.

Alfajiri, feni ilizima yenyewe.

Pikipiki ilikuwa ya mke wa kwanza wa Gitobu. Mukami alilijua hilo tangu siku za uchumba. Mwanamke huyo alikuwa daktari wa mifugo, akipita mashambani kutoka Nkubu hadi Ruiri, akitibu ng'ombe na kuwapandisha mbegu. Pikipiki aliinunua kwenye mnada wa mradi fulani wa maziwa uliofungwa, na haikufanana na boda boda za mji: ndefu, nzito, yenye rejeta na feni kama gari dogo. Homa ilimuua baada ya siku tatu. Hakuacha mtoto. Aliacha pikipiki.

Mukami alitoka Ishiara, kule chini Embu kwenye joto na ndengu, akaja kuolewa kwenye baridi na migomba. Wiki ya kwanza alikuta kopo la mafuta ya kukamulia kwenye dirisha la bafu, limebaki nusu, na juu ya mafuta kulikuwa na alama ya vidole viwili vilivyochota na kuondoka. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalitupa chooni. Jioni hiyo alimwambia Gitobu ombi lake moja.

"Jina lake lisitajwe mbele yangu. Nikifa mimi, oa mwingine, kisha myataje majina yetu yote mawili."

Gitobu alikubali haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyomchoma. Mtu hukimbilia kuficha kitu anachokithamini. Tangu siku hiyo, miaka mitatu, jina halikusikika nyumbani. Picha ziliondolewa. Mama mkwe aliposahau, alijikohoza. Lakini huko mashambani watu waliendelea kusema "pikipiki ya daktari," na siku moja Mukami alipobebwa na mumewe kwenda kuchukua maziwa, ng'ombe mmoja mwekundu alisikia injini, akaacha majani, akaja mpaka kwenye ua, akanusa tangi la petroli na kulia kwa sauti ya chini. Mzee mwenye ng'ombe alicheka akasema anamtafuta mwenye pikipiki. Kisha akamwona Mukami, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo.

Unaweza kugombana na mke mwenza aliye hai. Unaweza kumzidi kwa mapishi, kwa nguo, kwa ulimi. Mfu hazeeki wala hakosei. Mukami alikuwa akishindana na mwanamke ambaye hata ng'ombe walimsifu.

Asubuhi ile Gitobu aliipeleka pikipiki kwa Riungu, fundi mwenye kibanda nyuma ya soko, na Mukami akaenda na mtoto mgongoni kwa sababu alitaka kusikia kwa masikio yake. Riungu alikuwa mtu wa mdomo mwepesi na mikono mitulivu. Alimsalimu kama kila mtu alivyomsalimu tangu ajifungue: Mama Wawira, kwa jina la mtoto, ambalo Mukami alilitoa kwa mama yake mzazi. Kisha akaeleza kwamba feni isiyozima ina sababu chache tu. Labda maji ya rejeta yamepungua hewa ikaingia. Labda rilei, kile kidude cha kupitisha umeme, imeganda. Labda waya umechunika ukagusa chuma. Au ni swichi ya joto.

"Hii hapa," alisema, akionyesha kidude cha shaba kilichochomekwa ubavuni mwa rejeta. "Kazi yake ni moja. Inangoja joto lifike mahali fulani, inaamsha feni. Joto likishuka, inailaza. Haijui usiku wala mchana. Inajua joto tu."

Aliongeza maji, akatoa hewa, akabadilisha rilei, akapapasa waya wote kutoka mwanzo hadi mwisho kama anayesuka nywele. Aliwasha injini mpaka ikapata joto, feni ikawaka, ikazima kama kawaida. Riungu alisema sasa wamepata amani, maana hiyo feni ilikuwa na bidii kuliko wanaume wote wa Nkubu. Gitobu alicheka. Mukami hakucheka. Kati ya vyuma alikuwa amesikia tena ile harufu, nyembamba, kama mtu aliyepita.

Usiku huo, saa nane: tik.

Siku ya pili Riungu alikuja nyumbani. Aliing'oa swichi ya joto kabisa, akaziba shimo, akafunga ncha za waya kwa utepe mweusi, akaondoka na swichi mfukoni. Usiku wa pili feni iliwaka. Siku ya tatu alikuja bila mzaha, akafungua kiti, akaitoa betri, akaifunga kwa gazeti na kuiweka juu ya kabati la vyombo. Alisema sasa pikipiki ni chuma kitupu, haina hata cheche ya kuwasha kiberiti.

Mukami hakulala. Alikaa kitandani na mtoto mapajani, mlango wa chumba ukiwa wazi kidogo, akisikiliza mvua, akisikiliza pumzi za Gitobu, akisikiliza mtoto aliyeanza kulia kilio kidogo cha mwenye kukosa raha, na alipoweka mkono kwenye paji la uso la mtoto alikuta moto, moto wa ghafla, na wakati huo huo, kabla hajauondoa mkono, ndipo ilipolia tik, na feni isiyo na betri wala swichi ikaanza kuzunguka gizani, ikaongeza kasi, na upepo wake ukaja chini ya mlango, ukapanda shuka, ukampita yeye Mukami kana kwamba hayupo, kana kwamba ni mti uliosimama njiani, ukafika usoni pa mtoto na kupapasa nywele zake laini, na mtoto akaacha kulia, akageuza kichwa kuelekea sebuleni, akatabasamu.

Miezi minne Mukami alikuwa akimwita Wawira, Wawira, na mtoto hajawahi kugeuza kichwa hivyo.

Joto lilishuka. Feni ikazima. Mukami akainama kumbusu mwanawe, na kwenye utosi wa mtoto alikuta utelezi mwembamba wa mafuta, umepakwa kwa upole, kwa vidole viwili.

"Amka," alimwambia Gitobu kwa sauti ya chini. "Mtoto wangu ananuka mwanamke mwingine."

Gitobu alinusa utosi wa mtoto. Mukami, aliyemmulika kwa tochi, aliona uso wake ukilegea kabla ya kuogopa, kwa muda wa kupepesa jicho, kama uso wa mtu aliyefika kwao. Huko kulegea kulimuuma kuliko feni.

Asubuhi, mama mkwe alikuja na ndizi mbichi na kitenge kichwani. Felicitas alikuwa mwanamke wa misa ya kila asubuhi, asiyependa kelele. Alimchukua mtoto, akamnusa, akakaa. Walipobaki wawili jikoni alieleza kwa ufupi jambo ambalo, alisema, alipaswa kulisema siku mtoto alipozaliwa, lakini aliiogopa ile ahadi ya kutolitaja jina.

Katika ukoo wao, mke akifa bila kuacha mtoto, binti wa kwanza wa mke anayemfuata huitwa kwa jina lake, ili marehemu asibaki nje ya mlango bila mtu wa kumjibu. Na jina hilo halitolewi na mume, wala na bibi, wala na padri. Hutamkwa na yule mama mpya, kwa kinywa chake, akiwa amemshika mtoto. Akilitoa mtu mwingine ni kelele tu.

"Huyu mtoto ana jina," Mukami alisema.

"Ana jina la mama yako, na ni jina zuri. Lakini kuna aliyetangulia kwenye foleni."

Mukami alimenya ndizi mbili. Kisha akauliza yule alikufaje, hasa. Felicitas alisema ni joto. Mwili uliwaka siku tatu, usiku na mchana, naye hakuomba maji wala dawa, aliomba kupepewa tu. Gitobu alimpepea kwa kipande cha katoni mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha mkono. Alikuwa bado anapepea wakati wauguzi walipomfunika.

Mukami alisikia, na badala ya huruma alihisi ule ule wivu wa miaka mitatu. Hata kupepewa, alipepewa.

"Mama, nikilitoa jina hilo, mimi nitaitwa nani? Kanisani, dukani, barabarani, mpaka nife. Mama nani?"

Jibu lilikuwa wazi. Angekuwa mama wa jina lile. Kila salamu ingelileta. Gitobu angeliita kila jioni kutoka langoni, kwa mapenzi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mchana huo, Gitobu akiwa njiani na maziwa kwa boda boda ya kukodi, Mukami alichukua spana na bisibisi. Alikuwa ameutazama mkono wa Riungu siku tatu, alijua pa kuanzia. Alifungua skrubu nne, akaing'oa feni nyuma ya rejeta, akaipeleka nyuma ya jikoni. Ilikuwa nyepesi, kitu kidogo cha plastiki nyeusi, si mwanamke. Aliipiga kwa jembe. Alipiga mpaka mapanga yote yakakatika, na kila pigo alisema neno moja, wangu, wangu, wangu, mpaka jirani akachungulia ua akaona vyema kurudi ndani. Vipande alivitupa kwenye shimo la taka.

Usiku huo hapakuwa na tik.

Joto la mtoto lilikuja saa ile ile, na hakuna kilicholishusha. Alfajiri walikuwa hospitalini. Walipima damu, wakapima mkojo, wakampa dawa, joto likashuka, wakarudi nyumbani, likapanda. Walirudi tena, wakapima tena. Daktari kijana alisema kwa ukweli kwamba haoni ugonjwa, waendelee na dawa na waje kila siku. Siku ya tatu mtoto aliacha kulia. Alilala tu, midomo imekauka, akitazama dari kama anayesoma.

Riungu alikuja siku hiyo, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, ameshika kofia mkononi. Alikuwa amesikia sokoni. Alimwona mtoto, akarudi kukaa kibarazani, na Mukami akamfuata akamuuliza, wewe fundi, umeona nini kwenye pikipiki ile.

"Mama Wawira, mimi nimefuata waya mpaka zimeisha," alisema. "Baada ya waya sina elimu."

Lakini alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka sita, garaji jirani na mganga, na huko alikuwa ameona watu waliopagawa na majini wakitibiwa. Alieleza kwa sauti ya kunong'ona, akitazama barabara. Mganga hafanyi jambo lolote kabla ya kuuliza: wewe ni nani. Jini likitaja jina, linakuwa mgeni, na mgeni huandaliwa kiti au huonyeshwa njia. Lisilo na jina halitoki, kwa sababu halijaingia bado. Linazunguka tu.

"Basi liulizwe," alisema Mukami.

"Hilo lako haliulizwi, dada yangu. Hilo kila mtu anajua linaitwa nani. Linangoja kuitwa." Akavaa kofia. "Na mimi naona lilikuwa linampoza mtoto. Sijui. Naona tu. Ulipolivunjia feni, limebaki na mtoto bila feni."

Mukami alirudi ndani. Jua la saa nane lilikuwa kali baada ya wiki ya mvua, na mabati yalilia kwa joto. Felicitas alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na rozari, midomo ikienda bila sauti. Gitobu alisimama mlangoni. Siku tatu hakuwa amemwomba mkewe kitu. Aliahidi jina halitatajwa, na alikuwa akitimiza ahadi hiyo mwanawe akiungua, na Mukami hakujua kama amshukuru au amchukie.

Alimwinua mtoto. Ngozi yake ilikuwa kavu, inachoma. Alimweka kifuani, kisha akainamisha sikio kwenye ubavu mdogo kusikiliza moyo, na chini ya moyo, nyuma ya mbavu zisizozidi upana wa vidole, alisikia kitu kingine: mvumo, laini, wa kudumu, mvumo ule ule wa sebuleni, ukizunguka ndani ya mwanawe bila kupoza chochote, ukizunguka kwa kasi, kwa juhudi, kama mtu aliyechoka mkono mmoja akahamia wa pili, na kwa kila mzunguko pumzi ya mtoto ilifupika, na harufu ya mafuta ya kukamulia ilitoka kinywani mwake kila alipopumua, na Mukami akaelewa kwamba yule mwingine hakuwa tena sebuleni wala njiani, kwamba hakuwa na mahali pengine pa kwenda, kwamba walikuwa wanawake wawili wamemshika mtoto mmoja, na atakayemshika kwa nguvu zaidi ndiye atakayemuua.

Angeweza kushika. Nguvu alikuwa nazo. Kwa muda wa pumzi tatu au nne alishika, na wivu wake ulikuwa mtamu na mzito kama asali ya Mbeere, upande wa kwao, na ulisema, heri afe akiwa wako.

Alisikia ulivyosema. Alijisikia.

Akalegeza mikono.

Mtoto akafumbua macho. Hakumtazama mama yake. Aliyapitisha macho hayo polepole juu ya bega la Mukami, mpaka mlangoni, yakamkuta Gitobu, yakatulia juu yake kama mwanamke anavyomtazama mume aliyechelewa kurudi, kwa lawama ndogo na msamaha mwingi. Mukami aliona. Alijua anayetaka kumwita ni nani, na kwamba akishaitika hataondoka, atakula mezani pake, atasukwa nywele kwa mikono yake, atakua.

Kinywa chake kilikuwa kikavu. Alikilowesha. Alimsogeza mtoto karibu, midomo yake ikigusa sikio dogo linaloungua, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo, kwa sauti iliyosikika mpaka barazani, akamwita kwa jina la yule daktari:

"Kiende."